Mbuzi wa shukrani

Jumapili, mwisho wa mwezi wa kumi. Huku Matiliku kwa shangazi kuna joto, mawingu yamejaa, watu wamepanda mbaazi kwa imani, na mvua bado.

Leo nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea najua sana.

Ilikuwa siku ya kuombea kalamu. Kila mwaka, kabla ya mtihani wa kidato cha nne, pasta huwaita watahiniwa mbele, kila mmoja na kalamu yake, wanaziinua juu na kanisa lote linawaombea. Mwaka jana nilisimama kwetu Migwani nikainua yangu, kifua mbele. Nilitaka kuwa mwalimu, na kwa hiyo nilihitaji C+.

Nilipata C plain, C isiyo na plus.

Ningesema hivyo siku ile ile, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mama alinipigia akiwa sokoni na wanawake wenzake, nikawasikia wakimuuliza, "Amepata ngapi?" Nikasema C+. Nilisikia vigelegele kabla sijameza mate.

Jumapili iliyofuata mama alipeleka mbuzi kanisani. Yule mweupe mwenye doa, ambaye mama alikuwa anamtegemea kwa maziwa. Akasimama akatoa ushuhuda jinsi Mungu alivyomkumbuka mjane, mbuzi akapigwa mnada pale nje, akanunuliwa na mwenye hoteli. Mimi nilikuwa nimekaa na kwaya. Niliimba hata.

Baadaye nikaja huku kwa shangazi, eti kumsaidia dukani nikingoja chuo. Ukweli ni kwamba nilijiandikisha kurudia mtihani. Shangazi anajua, amenyamaza, lakini kila akinipa chai ananiangalia kama mtu anayengoja deni. Tangu Septemba nimekuwa nikimwambia mama niko chuoni. Akiuliza chakula cha huko, namwambia ni kizuri. Shetani mwenyewe angechoka.

Sasa leo. Nilikuwa nimekaa na Ndanu, binti wa jirani, ambaye jioni huwa namfundisha hesabu dukani. Ananiita Ticha. Anajua siri yangu kwa sababu tutafanyia mtihani kituo kimoja. Kalamu yangu nilikuwa nimeificha ndani ya Biblia, nikijiambia pasta akiita nitasimama tu.

Pasta akaita. Watoto wakaenda na sare zao. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Ndanu akaningoja kidogo, kisha akachomoa kalamu kwenye Biblia yangu na kwenda nayo. Akainua mikono yote miwili, kila mmoja na kalamu.

Pasta, mtu wa mizaha, akamuuliza kama yeye atafanya mtihani mara mbili. Kanisa likacheka.

"Hii ingine ni ya mtu ameogopa kuja," Ndanu akasema.

Hakuniangalia. Angeniangalia ningeweza kumkasirikia. Pasta aliacha kucheka, akaomba, na katikati ya maombi akamtaja "huyo aliyeogopa". Watu wakasema amina kwa nguvu, shangazi yangu akiwashinda wote. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mtoto wa miaka kumi na saba amenibebea aibu yangu hadi madhabahuni, na mimi ndiye ticha.

Saa tisa nilienda nyuma ya duka nikampigia mama. Nilimwambia yote, haraka haraka, ili nisipate nafasi ya kupamba. Kwamba ilikuwa C plain. Kwamba hakuna chuo. Kwamba bado niko kwa shangazi, narudia.

Nilisikia kuku wake.

"Na ule mbuzi?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kukatiwa simu. Sikuwa nimejiandaa kwa mbuzi.

"Nilisimama mbele ya watu, Mwende. Nikamshukuru Mungu kwa kitu hakunipa."

Nikasema pole, mwaitu, mama yangu. Neno lenyewe lilikuwa dogo, nikaona haya hata kulitoa. Akaniuliza kama huku wameombea kalamu. Nikasema ndiyo. Na yako? Nikasema yangu imeombewa, ila si mimi niliyeipeleka. Akasema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Basi Jumapili nitasimama tena niwaambie haikuwa hivyo. Siwezi kumwachia Mungu uongo wangu."

Alisema uongo wangu. Wake!

Nimelia mpaka shangazi akafunga duka mapema, na shangazi hafungi duka kwa ajili ya mtu.

Karatasi ya kwanza ni wiki ile ingine. Nikifeli tena, nitafeli. Hiyo naweza kuibeba. Lakini mama hatasimama. Jumamosi asubuhi naenda Migwani, na Jumapili yeye atakaa kwenye benchi lake na wanawake wenzake, mimi ndiye nitaenda mbele. Nimeshamtumia meseji. Hajajibu, ila ameisoma.

Tangu saa kumi nimekaa na kalamu ile ile iliyoombewa, naandika nitakachosema siku hiyo. Nimeandika "Bwana asifiwe." Nimeikata. Nimeiandika tena.

Hapo ndipo nimefika.