Mashine Iliyofundishwa Kusalimu

S.L.P. 64,
Isiolo.
27 Novemba 1988

Mpendwa kaka Ekaale,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, pamoja na vumbi kidogo la huku, maana sijui kama bahasha itaweza kulizuia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua hakikusumbui tena, na baridi ya Uswidi imeanza kukuonea huruma. Sisi hatujambo. Mama alipata homa mwezi uliopita lakini imepita, na sasa anakula vizuri na kugombeza watu kama kawaida yake.

Mwanangu Lobokat ameanza kutembea. Kila mbuzi anayepita anamfuata, nami namfuata yeye, basi jioni nakuwa hoi. Mvua bado inasitasita kule upande wa Nyambene. Tunaiona ikining'inia mbali, ya buluu, halafu inaenda zake.

Sasa niingie kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Zile diski ulizompa padre zilifika salama. Ulisema programu iliyomo, ya kufungulia mashine, imeandikwa na watu wengi wasiojuana, kwamba maandishi yake ya ndani hayakufichwa, na kwamba yeyote anaruhusiwa kuyabadilisha mradi naye asiwafiche wenzake alichobadilisha. Nilidhani unanitania. Mimi sijaona kitu cha bure kikifika Isiolo bila mtu kukifuata nyuma na masharti.

Kwa kuwa uliondoka kabla ya mradi wetu kuanza, acha nikueleze. Ofisi ya mifugo ninakofanya kazi ililetewa kompyuta ya kuweka habari za malisho, maji na bei za soko. Habari zinaletwa na watu wa huko huko. Mzee Mako analeta za Garbatulla, Luul analeta za soko la hapa mjini, na Mama yetu analeta za Kipsing. Ndiyo, Mama. Wenyewe walimchagua, kwa sababu hajui kusema uongo hata pale unapohitajika.

Unakumbuka mwaka ule wa kiangazi kikubwa, karatasi za mjini zilivyosema Kipsing kuna nyasi, na aliyeziandika hajawahi kukanyaga Kipsing. Chakula cha msaada kilifika ng'ombe wakiwa wamebaki mifupa. Ndiyo maana watu walikubaliana safari hii kila mtoa habari aingize maneno yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa jina lake, asiwepo mtu katikati. Mama aliingia masomo ya ngumbaru kwa ajili hiyo tu. Alikuwa akisoma kwa sauti hadi mbuzi wanakimbia.

Lakini mashine ilikuwa ya Kiingereza. Ukiiwasha inakudai jina na neno la siri kwa lugha ambayo nusu ya watoa habari hawaijui, na ukikosea mara chache inajifunga. Mkubwa wetu, ambaye si mtu mbaya, ila ni mtu wa saa, alisema wasioweza kujifungulia wenyewe kufikia mwisho wa Novemba watashukuriwa na kurudi makwao, na makarani wataandika badala yao. Nilijua makarani hao watakaa hapa hapa mjini.

Basi nikafungua diski zako. Unanijua, mimi ni mtu wa kuota mchana. Saa za alasiri, upepo ukivuma na mabati yakilialia na watu wote wakiwa wamelala, nilikuwa nasoma maandishi ya watu nisiowajua, nikiwaona kabisa: mmoja ana ndevu, mwingine anakunywa chai iliyopoa, mwingine anafuta mstari na kuuandika upya huku theluji ikianguka nje. Nikatafuta kila mahali walipoandika neno la kumwambia mtu, nikayatoa maneno hayo yote, nikayatafsiri na kuyaweka kando, kila lugha na faili lake. Kiturkana, Kiborana, Kisomali, Kimeru na Kiswahili. Luul alinisaidia Kisomali, na tulibishana vizuri sana. Iliniingia furaha ambayo siwezi kukueleza, kaka. Nilikuwa natembea kwenda nyumbani bila kuiona barabara.

Nikaweka orodha ya kuchagua lugha: moja, Kiturkana, mbili, Kiborana, na kuendelea. Weh! Ungedhani nimegawa visima. Mzee Mako aliitazama skrini, akaniuliza kwa upole mno nani alisema Waborana ni wa pili hapa Isiolo. Nikawatanguliza Waborana. Luul akanuna, akasema babu yake alifika hapa na kofia ya askari kabla mji huu haujawa na duka. Nikaanza kuwaza kwamba nitauawa kwa sababu ya namba.

Aliyenifungua macho ni Mama, bila kukusudia. Alikaa mbele ya mashine, akaitazama, akakunja mikono. Akasema, "Hii kitu haina adabu. Hata haijanisalimu, inataka jina. Ni askari?"

Usiku ule sikuota kitu kingine. Huku kwetu mtu humjui ni wa lugha gani kwa kumwonyesha orodha. Unamsalimu, anakuitikia, basi umemjua. Nikaifuta orodha yote. Sasa mashine ikiwaka, salamu zinapita kwenye skrini moja moja, polepole, na hakuna ajuaye ipi itaanza kwa sababu mashine inaokota tu. Ejoka. Nagaa. Ma nabad baa. Muga. Hujambo. Ukiona ya kwenu unaiitikia, na kuanzia hapo mashine inaongea nawe kwa lugha hiyo hadi mwisho. Mzee Mako alikaa akizitazama zikipita, akatabasamu kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Nilijiona nimemaliza. Kumbe! Mashine ilimsalimu Mzee Mako, akaitikia, nayo ikamwuliza jina. Pale pa jina akaandika salamu nyingine, ya kuulizia watu wa nyumbani. Ikamkatalia. Akauliza mifugo. Ikamkatalia. Akauliza mvua, ikajifunga. Nikamwambia aandike jina tu, akanitazama kwa huzuni na kuniambia mtu mzima hatoi jina kabla salamu haijaisha. Wote walifanya vivyo hivyo, na mkubwa akaanza kuulizia makarani.

Ikabidi niifundishe mashine subira. Sasa inauliza nyumbani, mifugo, mvua, watoto, na jibu lolote inalipokea, hata liwe refu namna gani, halafu ndipo inaomba jina. Mkubwa alisema hiyo ni kupoteza muda. Mimi nilimwambia tukiikata watu hawataingia. Kuhusu maneno ya siri sitasema mengi, ila Mzee Mako amechagua jina la fahali wake, ambaye amemsifu mbele ya mji mzima. Nimemwomba abadilishe. Amesema fahali atasikitika.

Siku ya kupimwa ilikuwa Alhamisi iliyopita. Mzee Mako aliingia. Luul aliingia. Mama akawa wa mwisho, amevaa shanga zake zote, amenyooka. Aliitikia Kiturkana kwa kidole kimoja. Akajibu ya nyumbani. Akajibu ya mifugo na ya mvua. Ilipofika watoto, kidole kikasimama.

Mkubwa akatazama saa yake. Nilitamani niiname nimbonyezee, lakini ningegusa hata herufi moja ingesemwa ameshindwa, na Kipsing ingerudi mikononi mwa watu wasioijua. Nikashika mikono yangu nyuma. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, tena kwa lugha zote tano.

Ndipo akaandika, herufi kwa herufi, kwa Kiturkana: mmoja yuko mbali, sijui kama anakula. Mashine ikampa jibu lile lile inalompa kila mtu, kwamba Mungu awatunze, kisha ikamwomba jina. Akaandika Akuam. Akaandika neno lake la siri, ambalo hata mimi silijui, na mlango ukafunguka. Akaingiza habari zote za Kipsing, visima na majani na ugomvi wa juzi wa malisho, bila kuulizwa na mtu. Mkubwa akamshika mkono. Watabaki wote, kaka. Ameiandikia hivyo ofisi ya Nairobi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani Mama aliniuliza kama mashine imeyaweka yale aliyosema juu yako. Nilimweleza kwamba salamu haiwekwi, inapita tu. Tulitembea hadi karibu na nyumba. Kisha akasema, "Basi sasa iko nani ataniambia kama anakula?"

Mabadiliko yangu yote yamo kwenye diski niliyofunga pamoja na barua hii, wapelekee wale wenzako wasiojuana. Huwa nawaza mtu fulani kwenye nchi ya giza na theluji akiiwasha asubuhi na kuona Ejoka ikipita mbele ya macho yake, asijue ni nini, aitazame tu.

Luul anakusalimu, anasema bado una kitabu chake cha hesabu. Mzee Mako anakusalimu, na fahali pia. Mume wangu Erot anakusalimu sana, pamoja na wote wa kanisani. Mungu akulinde usiku na mchana katika ugeni wako, akupe moto wa kuota na watu wa kuongea nao.

Ila ombi langu ni moja. Barua zako zote huja kwa jina langu, nami humsomea Mama, nikiruka pale unapolalamika. Safari hii usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, kwa Kiturkana, kwa herufi kubwa kubwa, na juu ya bahasha uandike Akuam. Tangu azaliwe hajawahi kupokea barua yake mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Akiru