Viatu vya Kwendea Serikalini

Jumanne, 2 Julai 1996

Nilikwenda ofisi ya misamaha kutafuta takwimu tu. Mhariri yuko Dar, anataka aya kumi: tangu wagonjwa waanze kuchangia gharama hospitalini, nani anasamehewa? Afisa, Bwana Ambokile, alinipa kiti na faili. Mtu mpole. Mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi.

Kwenye benchi nje nilimkuta Dorkasi Matonya, mkulima wa karanga kutoka Mlali. Miaka hamsini na miwili, kwa hesabu yake. Ana uvimbe titi la kushoto. Daktari amemwambia ni saratani, imewahiwa, ila asikae nayo: aende Dar, akapasuliwe, apigwe mionzi. Barua ya rufaa anayo. Barua ya msamaha hana, na bila hiyo kila kitu alipe mwenyewe. Hawezi.

Nilimuuliza kama ana bima.

— Bima? Kwani mimi ni lori?

Benchi zima lilicheka. Mimi pia.

Aliingia saa nne kamili, akatoka saa nne na dakika saba. Kwenye fomu: ANA UWEZO.

Jumatano, 3 Julai

Nimerudi kumuuliza Ambokile ameamua kwa kigezo gani. Hakuficha. Hana mzani wa kupimia umaskini, amesema, ana macho tu.

— Mama Swedi, yule mama kaja na viatu vya mchuchumio! Kitenge cha waksi. Saa mkononi. Halafu ananiletea jogoo. Maskini gani anagawa jogoo?

Jogoo mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Aliwika katikati ya swali langu la pili.

Dorkasi amefikia kwa mpwa wake, hapahapa mjini, nyumba tatu kutoka kwangu. Jioni nikampelekea habari. Alishangaa kwelikweli. Viatu ni vya Loisi, kiongozi wa kwaya. Kitenge ni cha mama mchungaji. Saa ni ya Elieza, mwenye mashine ya kusaga. Jogoo alitolewa na majirani. Mlali ndivyo wanavyofanya: mtu akiitwa ofisini, kila nyumba inatoa kilicho kizuri, anavalishwa, anasindikizwa mpaka barabarani.

— Ningekuja na matambara wangesema Mlali hakuna watu.

Mimi kwenye habari sishauri mtu. Miaka ishirini sasa. Nikamshauri: rudi na nguo zako mwenyewe.

Amekataa.

— Dada, ugonjwa nimeukubali. Aibu sijaikubali.

Ijumaa, 5 Julai

Mhariri kapiga simu. Takwimu ziko wapi? Ninazo. Nimemwomba siku tatu. Amelalamika kidogo, akakubali.

Dorkasi ametuma ujumbe Mlali kwa lori la karanga. Ujumbe gani, hasemi. Anachambua mchele, anacheka peke yake. Mkono wa kushoto hautumii. Nimeuona. Naye ameona kwamba nimeuona.

— Usiandike hilo.

Basi, naandika hapa.

Jumatatu, 8 Julai

Nipo kwenye korido ya ofisi. Naandikia gotini.

Saa mbili lori limeshusha watu watatu: Loisi, mama mchungaji na Elieza. Wamependeza kuliko wabunge. Dorkasi naye alikuwa kavaa vilevile kama Jumanne — vyote vya kuazima. Tukaingia wote. Ambokile hakunizuia.

Loisi alianza. Shikamoo mheshimiwa, nimefuata viatu vyangu. Akainama, akavichukua miguuni mwa Dorkasi.

— Hapa ni ofisi, mama, si mnadani!

Elieza akavua ile saa mkononi mwa Dorkasi, akamwomba afisa aisome. Ambokile akasoma: saa tisa kasoro robo. Akatazama ukutani. Saa tatu asubuhi.

— Imekufa?

— Tangu kampeni za mwaka jana, mheshimiwa.

Karani wa meza ya pili alikuwa amejificha nyuma ya faili, mabega yanatikisika. Mama mchungaji akachukua kitenge chake, akakikunja vizuri, akakitia kwapani.

Dorkasi alibaki na gauni lake. Kiraka juu ya kiraka. Safi, limepigwa pasi. Peku, mgongo umenyooka.

— Yaliyobaki ndiyo yangu, mheshimiwa. Na uvimbe.

Hakuna aliyecheka. Ambokile alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

— Na jogoo?

— Wa mtaa mzima, — Elieza akajibu. — Yeye alimbeba tu.

Ambokile akakohoa. Jogoo, akasema, kaliwa jana. Hapo tukacheka wote, yeye wa kwanza.

Halafu akaeleza tatizo. Fomu ikishaandikwa haifutwi. Ni bosi peke yake anayeweza kubadili. Bosi yuko kikaoni. Kesho anasafiri, wiki mbili. Treni ya Dar pia ni kesho. Ambokile akachukua fomu, akaongeza mistari mitatu kwa wino mwekundu (sikuweza kuisoma, nilijaribu), akaenda nayo.

Saa nne na robo. Bado. Mlango wa bosi umefungwa. Sauti ya Ambokile inasikika, sasa imepanda kidogo. Sikujua kwamba anaweza.

Huku benchini Loisi amepiga magoti. Anamvisha Dorkasi viatu tena! Mama mchungaji anamfunga kitenge. Elieza anamrudishia saa. Nimewauliza, mnafanya nini?

— Kesho anakwenda Dar, — Loisi amesema, bila kuinua kichwa. — Kwani Dar si serikalini?

Mlango umefunguka. Ambokile ametoka na fomu, anamtafuta Dorkasi kwa macho. Amemwona. Anatazama viatu.