Mipira ya Pikipiki ya Baba

Mjukuu wangu Furaha,

Je, mipira ya pikipiki, yaani matairi, ya bei ghali humlinda mtu kuliko ile ya rahisi? Swali lako nimeshindana nalo tangu ujana. Hapa Majengo sote tu wazima, na dada yako amejifungua salama.

Miaka ya hamsini baba yangu, muuguzi, alitumia mipira ya rahisi; kila penye mawe ya volkano alishuka, akasukuma pikipiki. Alipoweka ya ghali aliyapita mawe bila kushuka, akaanguka, akavunjika mguu.

"Kumbe ile ya rahisi ndiyo ilikuwa na akili," mama alimtania.

"Hapana, mama. Ni miye nilikuwa na woga wakati ule," baba alimjibu.

Wewe unabeba abiria huko Bukavu, nami nataka urudi mzima. Nadhani ununue ya ghali. Lakini sina hakika, kwa sababu baba hakuwahi kuijaribu ya ghali pamoja na ule woga.