Sentensi Iliyokatwa

Dada yangu,

Barua yako imenifika. Sijambo, ila jino linanisumbua kama mpangaji mkorofi. Kazini, kwenye kamusi yetu ya Kiingereza na Kiitaliano, kitenzi cha Kiingereza "leave" kinanitoa jasho wiki ya tatu sasa. Kiitaliano kina neno la kuondoka, lingine la kuacha kitu, lingine la kumtelekeza mtu. Kila maana ina kadi yake, na sheria ya ofisi ni kwamba mfano utoke kinywani mwa mtu, usitungwe.

Kwenye kadi ya kumtelekeza mtu niliandika: "Usiniache hapa hospitalini, mwanangu." Mhariri akaikata kwa wino mwekundu.

"Hii umetunga," akasema. "Tafuta mtu aliyetelekeza mbwa."

Ningemwambiaje kwamba Mama aliyasema hayo ameng'ang'ania mkono wangu, nami nikajinasua ili niwahi kazini?

Uliniuliza maneno yake ya mwisho, nikakujibu kwamba hakusema kitu, alilala tu. Nilikudanganya, Dada. Kadi yenyewe nimeitia humu kwenye bahasha. Wino mwekundu si wangu. Mwandiko ni wangu.

Mdogo wako