Mama, Bi Mwanaidi Ameanza Kubisha

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Najua ungeanza na swali lako lile: "Umekula, au umeshindia makaratasi?" Nimekula, mama. Viazi na chai ya tangawizi.

Bado naandika vilevile. Nikishaswali alfajiri nafagia uwanja, kisha naweka meza barazani, hapahapa Bigwa, milima ikiwa bado imejifunika ukungu. Naandika mpaka jua linifikie miguuni. Jioni namsomea mkweo Hamisi kwa sauti, maana mtu wa kwenye riwaya akiwa hai, masikio hujua kabla ya macho. "Ameongea?" huniuliza, utadhani anaulizia mtoto mchanga.

Wiki zikapita hajaongea. Bi Mwanaidi, yule mama wa kwenye riwaya, nilimtengeneza kutokana na wewe. Sauti yako ilishaanza kunitoka kichwani, nikaogopa kwamba nikishindwa kumpa uhai huyu, itanipotea kabisa. Kumbe nilimwandika kimsibamsiba, kama marehemu anayesifiwa. Hagombi, hachoki, kutwa anatoa hekima. Hamisi akanisikiliza weee, mwisho akasema, "Mke wangu, huyu si mama. Hii ni hotuba." Nilimnunia siku nzima.

Halafu ikafika arobaini yako, kule nyumbani mlimani. Watani wetu unawajua, msibani hawana breki. Bi Zena, mtani wako, akaingia chumbani kwako, akatoka amejifunga kanga yako, mkono kiunoni, kifua mbele, anatembea kama wewe ukishuka na tenga la karoti. Akaletewa chai. "Aa, chai ya nini, mie nimekunywa kwangu!" Kikombe akakipokea hivyohivyo, akaonja, akakunja uso: "Sukari imepanda bei, eh?" Kisha akawageukia kuku: "Na nyie mnaniangalia nini, mmetumwa?"

Watu wakavunjika mbavu. Mie damu ilinichemka, nikataka kwenda kumvua ile kanga. Mara nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka, maana ulikuwa wewe kabisa, mama, mbishi, mwenye maneno, unakataa chai halafu unamaliza birika.

Niliporudi Bigwa nikajifunga kanga, nikazunguka uwanja mkono kiunoni, nagombeza kuku wa jirani. Jirani akachungulia, nadhani alijua nimerukwa na akili. Nikakaa, nikaandika. Bi Mwanaidi akakataa chai. Akamsema mkwewe. Tangu siku hiyo nikimpangia hili, yeye anafanya lile, na mie nafurahi kama mjinga.

Leo asubuhi binti yake alikuja kumuaga, amepata kazi mbali. Nilikuwa nimejiandaa kuandika ugomvi, kwa sababu wewe ungegomba, ungesusa na chakula. Bi Mwanaidi akamtazama, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Mie nitazoea."

Mama, wewe hukuwahi kuniambia hivyo. Nikaweka kalamu chini. Huyu si wewe tena, ana roho yake, anaishi. Na wewe umekufa kweli. Nikalia pale barazani kilio ambacho sikukilia hata siku tunakuzika.

Kisha nikanawa uso, nikarudi mezani, nikamfungia yule binti begi lake.

Lala salama, mama. Mie nipo kazini.

Kitindamimba wako