Nimezima Waifai ya Mkwe, Sasa Nimefungiwa Nje Mimi

Mpendwa mshauri, shikamoo yako nimeipokea maana lazima nakuzidi umri, sasa naomba msaada, ingawa mtaani kwetu mwenye kuombwa msaada ni mimi. Mimi ni fundi redio, wananiita Fundi Mawimbi, shule niliikimbia mapema lakini hakuna redio iliyowahi kunishinda, hata iliyotumbukia kisimani niliifufua, ulizia. Sasa mke wangu alikuwa na kuku wake mweupe, alimpenda kuliko anavyonipenda mimi, kuku akagongwa na pikipiki akaacha mayai yake ya mwisho, basi mkwe wangu, huyu aliyemuoa binti yetu, kijana wa kompyuta, akatuletea mashine ya kutotolesha, sanduku lenye taa za joto, na pembeni yake kijikompyuta cha Linux kisichozidi kiberiti, hakina kioo wala pa kubonyeza, kina pini tu zimejipanga kama meno ya kitana. Akanifundisha kukiingia kwa simu yangu kupitia waifai. Kinasoma kipimajoto, kinawasha taa na kuzima chenyewe.

Hapo sina neno. Lakini kumbe kinampelekea na yeye habari huko kwake, mji mwingine, mimi nikifunua mfuniko kidogo tu nitazame kazi, joto linashuka, simu ya mke wangu inalia, "Mama shikamoo, baba amefunua tena." Naye mke wangu bila haya, "Wewe mzee, hebu toa mkono hapo!" Ndani ya nyumba yangu nachongewa na sanduku.

Nikasema haiwezekani. Nikaingia kwa simu kwenye faili la mipangilio, nikaandika mstari wa kuzima waifai, nikazima na blututhi asije akapitia huko. Na humo humo nikaona kwamba pini moja unaweza kuipa kazi hii au ile, unachagua mwenyewe, kama kibarua anayesubiri kuambiwa ashike jembe au toroli. Nami nina taa nyekundu nzuri niliyoitoa kwenye redio ya zamani, nikatafuta pini iliyokaa kivivu, yenye kiwaya kimoja chembamba ambacho sikukiona na kazi yoyote, nikakichomoa, nikafunga taa yangu, nikaiandikia pini kazi mpya, nikahifadhi, nikazima nikawasha. Taa nyekundu ikawaka vizuri kabisa, kazi ya fundi. Taa za joto zikagoma. Kumbe kile kiwaya ndicho cha kipimajoto. Nikashika simu niingie nirekebishe, simu inatafuta waifai, waifai haipo, nimeizima mimi.

Sasa nimeunga taa za joto moja kwa moja kwenye umeme, nayapima mayai kwa kipimajoto cha homa, joto likizidi nachomoa, likipungua nachomeka. Mke wangu nimemwambia mashine ya mkwe ni mbovu, naye kachukia, anasema kijana asikanyage hapa na vidude vyake mpaka aombe radhi. Mayai yanakaribia kupasuka, na hili joto la kubahatisha mimi mwenyewe silitegemei. Swali langu ni dogo: nifanyeje ili mkwe aje kutengeneza, lakini ionekane yeye ndiye aliyeomba kuja? Mimi kumpigia siwezi, nina jina.

Fundi Mawimbi, asiyeshindwa

JIBU

Mzee wangu, shikamoo, na uishike vizuri maana ndilo neno laini kuliko yote utakayoyapata hapa.

Nakuhurumia. Kuchongewa na sanduku mbele ya mkeo si jambo la kuchekesha, ingawa nimecheka. Lakini wewe umekula maisha yako yote kwa mawimbi ya hewani, halafu ukaingia kwa waifai ili uizime waifai! Umefunga mlango, ufunguo umeuacha ndani. Fundi mitambo wetu hapa gazetini amekiri yalishamkuta, kwa hiyo hilo halikuondolei jina. Kumsingizia kijana wa watu ndiko kunakokuondolea.

Tena unadhani hajui? Habari za mashine zimekatika ghafla kwenye simu yake, na mama mkwe amemnunia. Anajua vizuri sana. Amenyamaza kwa sababu wewe ni baba mkwe na hataki kukuvua nguo mbele ya mkeo. Yeye anakusitiri, wewe unamchoma.

Wala haina haja asafiri. Zima kijikompyuta, chomoa kikadi cha kumbukumbu kilichochomekwa humo, ndimo faili lako lilimo, kipeleke duka la kutoa kopi, wakiweke kwenye kompyuta yao na kufungua faili lile lile. Mwanzoni mwa mstari wako wa kuzima waifai waweke alama ya reli, hii #, mstari utalala, kompyuta isiusome. Mstari wa taa yako waufute, pini irudi kwenye kipimajoto, na kiwaya pamoja na taa za joto uvirudishe ulikovitoa kabla hujawasha. Blututhi iache ilale, haina kosa wala msaada. Taa nyekundu, kama roho yako iko hapo, itafutiwe pini nyingine.

Najua unachowaza: kumbe naweza kumaliza kimyakimya! Mashine, ndiyo. Jina la mkwe wako halitengenezeki duka la kopi. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani mpigie, spika wazi, mkeo ameketi karibu. Sema hivi: "Mwanangu, nilizima mimi. Taa yangu niifunge pini ipi?" Basi, nyamaza, msikilize. Hakuna fundi aliyewahi kufa kwa maneno hayo.

Vifaranga sikuahidi, umeyachezea mayai mno. Mkeo amekwisha kumpoteza kuku. Usimpotezee na mkwe. Na waifai ikirudi, kumbuka ganda likianza kupasuka sanduku halifunuliwi, unyevu ukitoka kifaranga kinanasa ndani. Siku hiyo simu ikilia "Mama, baba amefunua tena," usiende kwenye faili la mipangilio. Tazama mkono wako uko wapi, uutoe.