Dubu Tuliyempigia Hodi

Shoga yangu Rukia,

Nimemwona dubu! Si wale wa kwenye televisheni tuliokuwa tukiwatazama wakati wa chai kule nyumba ya wazee tulikofanya kazi, wewe ukiapa kwamba ukistaafu utakwenda kuwaona kwa macho yako. Huyu alikuwa dubu mzima, mweusi, mgongo kama kochi langu. Na mwanao nilikuwa naye. Usishtuke, tumeshafika Tottenham salama, yuko chumbani anapiga muziki wake wa kutoboa ukuta.

Tangu utuache, Maryam anaishi kwangu kama ulivyotaka. Uliponishika mkono pale hospitali ukasema, "Zuhura, mwanangu nakuachia wewe," niliitikia haraka ili upumzike, lakini kwa woga. Mimi sijazaa, Rukia. Ningejuaje kuwa mama wa mtu? Mtoto mwenyewe kimya, nikimsemesha Kiswahili ananijibu neno moja la Kiingereza, basi. Kila usiku nilijiuliza kama ulikosea kunichagua.

Ndipo kaka yako Suleiman akatuita Kanada likizo ya shule. Mimi nikazifukiza nguo zote udi kabla ya kufunga sanduku, maana mtu haendi ugenini ananuka vitunguu. Mkoba nikaujaza kashata. Kumbe alikuwa anatupeleka kupiga kambi msituni; alipoingiza pua hemani kwetu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe dubu ananusa chakula na manukato kutoka mbali ajabu, na chochote chenye harufu hakilazwi hemani! Kashata, dawa ya meno, madira yangu mazuri, vyote vikafungiwa kwenye sanduku la chuma mbali na tulipolala. Nikalala nimevaa suruali ya kaka yako. Ungeniona ungekufa mara ya pili.

Sharti jingine ni kutoa sauti njiani, dubu asishtukizwe, maana akishtuka ndipo anapokuwa hatari. Maryam akaona haya, hajui aseme nini. Nikamwambia afanye kama anaingia nyumba ya watu. Wee! Kila njia inapopinda, "Hodi! Wenyewe mpo?" Sauti yako kabisa, nikageuka kutazama nyuma. Akacheka, Rukia. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka. Nililia, nikasingizia vumbi.

Tulipofika kando ya mto, maji yalinguruma yakaimeza hodi yetu. Tukapinda, na huyo hapo, anakula matunda ya porini, karibu kama kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha basi. Akainua kichwa. Suleiman akasema polepole, "Msikimbie," akatoa kopo lake la pilipili ya kupuliza. Miguu yangu ilitaka kukimbia mpaka London! Lakini ukikimbia anakufukuza, na hakuna binadamu wa kumshinda mbio. Basi tukakaa pamoja, tukarudi kinyumenyume taratibu, bila kumkazia macho, mimi nikimsemesha kwa upole: "Samahani bwana, tunapita tu, endelea kula." Akanusa hewa, akatuona hatuna maana, akaingia zake msituni.

Maryam hadi leo anasimulia kila mtu, mpaka mwenye duka la Kihindi kule Kingsbury. Anasimulia nilivyomwomba dubu radhi, na wote wanakufa kwa kicheko. Nami nacheka nao.

Kuna jambo halisimulii, nadhani hakulitambua, macho yake yote yalikuwa kwa dubu. Nataka wewe ulijue. Dubu alipoinua kichwa, Maryam ndiye aliyekuwa mbele. Sikumbuki kuamua lolote. Nilijikuta tu nimeshapita, nimesimama baina yao, mkono nimeurudisha nyuma nimemshika nguo.

Pumzika sasa, shoga yangu, Mungu akulaze panapokufaa. Nilikuahidi mara ya kwanza kwa woga, naahidi tena bila woga: chochote kitakachomjia mwanetu, kitanikuta mimi kwanza.

Wako,
Zuhura